Magongo katika mtaa wa bendera

Nikiwaonyesha wanafunzi wangu mchoro wa wino ambao mchoraji Mfaransa Édouard Manet aliuchora mwaka 1878, wa mtaa wenye mvua, hapakosi anayeuliza: “Mwalimu, mbona watu hawana nyuso?” Hawana, kwa sababu mvua inanyesha na brashi ina haraka. Mwavuli ni doa. Kigari cha farasi ni mapigo machache ya wino, basi. Lakini ukiwa na dakika chache tu, kila unachokichora umekichagua ukaacha kingine, na hapo ndipo mchoro wa haraka unapoanza kutoa ushahidi.

Mtaa wenyewe uliitwa Rue Mosnier, leo ni Rue de Berne, karibu na stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris. Manet alikuwa na studio mtaa wa Saint-Pétersbourg, namba 4, na dirishani aliuona wote. Ulikuwa mtaa mpya. Kati ya 1853 na 1870 Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine, alibomoa vichochoro vya zamani na kunyoosha barabara pana. Kodi za nyumba zikapanda, vibarua wengi wakasukumwa pembezoni mwa jiji. Katika picha nyingine ya mwaka uleule, Manet anawaonyesha mafundi wakitandika mawe ya barabara hapohapo. Mabwana wa vigari wanapita, jasho la kuwatengenezea njia bado halijakauka.

Ila picha ninayoirudia mara kwa mara ni ile ya bendera. Tarehe 30 Juni 1878 serikali ilitangaza Sikukuu ya Amani, katika mwaka wa Maonyesho ya Dunia, kuonyesha kwamba Ufaransa imeinuka baada ya kushindwa vitani na Prussia, dola ya Wajerumani, na baada ya damu ya Komyuni ya 1871, uasi wa watu wa Paris uliozimwa na jeshi. Mchoraji mwenzake Claude Monet alichora sikukuu hiyohiyo katika Rue Montorgueil: umati umesongamana chini, bendera zimetanda kama moto. Inapendeza mno. Manet yeye akachora Rue Mosnier yake, takriban tupu. Kushoto kuna uzio, nyuma yake kifusi cha ujenzi wa reli. Kando ya uzio anatembea mtu wa mguu mmoja, shati la kibuluu la kibarua, magongo mikononi, ametugeuzia mgongo. Wengi tunamsoma kuwa majeruhi wa vita, ingawa picha yenyewe haisemi. Manet mwenyewe alikuwa askari wa Ulinzi wa Taifa, jeshi la raia, Paris ilipozingirwa katika vita hivyo, kwa hiyo siamini kwamba gongo lile liliingia kwa bahati. Zaidi ya hayo, alimchora mtu wa magongo peke yake pia, kwa wino.

(Na kabla hujanisahihisha kwa kumweka karibu na Monet na Waimpreshonisti wenzake, wachoraji wa mapigo ya haraka ya brashi: ndiyo, Manet hakushiriki hata moja kati ya maonyesho yao manane. Mkono wake lakini, katika michoro hii, ni wa kwao kabisa.)

Tusiigeuze picha kuwa sensa. Haituambii kodi ilipanda kiasi gani wala nani alihamishwa. Inatuonyesha nani alikuwa bado barabarani siku ambayo mji ulitaka kuonekana umepona.

Chini, ukingoni, kuna mtu mwingine ambaye wengi humpita: amebeba ngazi, na ukingo wa picha umemkata mwili. Huyo ndiye humwangalia zaidi. Bendera zote zile, kuna mtu alipanda kuzitundika.