Koteksi haimezwi na choo: tunayoambiana Bukavu, na ukweli wake

Choo chetu cha Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kilijaa katikati ya msimu wa mvua. Ni choo kimoja cha shimo kwa nyumba sita, na ukihesabu wanawake pamoja na wasichana walioanza kuona mwezi, tunafika tisa. Wanaume wawili walikuja asubuhi na ndoo, kamba na mti mrefu wenye ndoano. Kufikia saa sita kulikuwa na lundo kando ya shimo: chupa, sashe nyeusi za sokoni (mifuko ya plastiki), kandambili moja ya mtoto, na koteksi (jina letu la hapa, kwingine wanasema pedi au taulo za hedhi). Koteksi nyingi, zimevimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai.

Mama bayeri, mwenye nyumba wetu, akajishika kiuno. "Bamama, hii ni ya nani?"

Kimya. Mimi nilijifanya nachagua mawe kwenye maharage. Aliyejibu ni mmoja wa wale watapishaji, ambaye hakuwa na glavu hata moja mkononi: "Mama, hii njo inajazaka choo. Mavi inashukaka, hii hapana."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza dada na mama zangu wa mtaani wanafanya nini na koteksi iliyokwisha kutumika. Nilichokusanya ni mchanganyiko wa busara, woga na mambo tuliyorithi bila kuuliza.

"Choo kinameza yote"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, maana karibu kila mmoja wetu aliambiwa hivyo siku ya kwanza. Shimo ni refu, ni giza, hakuna atakayeona.

Ichane koteksi mpya siku moja uone ndani. Juu kuna kitambaa chembamba kinachogusa ngozi, ambacho kwa kawaida ni plastiki iliyofumwa ionekane kama pamba. Katikati kuna nyuzi za mbao zilizosagwa laini kama pamba, zimechanganywa na chembechembe nyeupe mfano wa chumvi. Chini kuna karatasi ya plastiki isiyopitisha maji, na gundi. Zile chembechembe ndizo kazi yenyewe: ukizimwagia kijiko cha maji zinageuka kuwa uji mzito, na haziyaachii tena kirahisi. Sasa itupe koteksi ndani ya shimo lenye maji. Haijui kwamba kazi yake imekwisha. Inaendelea kunywa mpaka ishibe.

Kinyesi huoza, maji yake yakanywea ardhini, kikapungua. Nyuzi za mbao nazo zitaoza taratibu. Plastiki haiozi katika maisha yangu wala ya mjukuu wangu. Nilipiga hesabu yetu: koteksi 4 kwa siku, siku 5, ni 20 kwa mwezi, 240 kwa mwaka. Mara wanawake tisa, 2,160. Halafu tunashangaa choo kinajaa, na tunamlaumu mpangaji mpya mwenye watoto wengi.

Wenye choo cha maji, kule mitaa ya Muhumba na Nguba, wasicheke. Kwao koteksi inaishia kwenye kona ya bomba, inavimba hapo hapo, na maji machafu yanarudi ndani ya nyumba. Ikifanikiwa kupita, inakaa kwenye fosi septike (shimo la maji machafu) ikisubiri kuziba mpira wa gari la kunyonya. Tamponi, ile pamba inayovaliwa ndani, vilevile, hata kama ni ndogo. Choo ni cha mkojo, kinyesi na karatasi yake. Damu yenyewe, ile ya kwenye kikombe cha hedhi au maji uliyofulia kitambaa, mwaga chooni bila wasiwasi. Choo hakina shida na damu.

"Mchawi ataichukua"

Mama mmoja wa makamo aliniambia hivi kwa sauti ya chini, na sikucheka, kwa sababu nimelelewa na hofu hiyo hiyo. Damu yako ikionekana, mtu atakufunga kizazi. Ndiyo maana msichana anaweza kubeba koteksi ndani ya mkoba siku nzima akitafuta shimo lenye giza la kutosha.

Damu ya hedhi ni damu iliyochanganyika na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi ambao mwezi huu haukuhitajika, basi. Kwa wanawake wengi ni kama mililita 30 hadi 40 kwa siku zote pamoja, isiyojaza hata kikombe kidogo cha kahawa. Ikishatoka, haina uzi wowote unaoiunganisha na tumbo lako. Lakini najua maelezo ya namna hii hayaondoi hofu ya miaka arobaini, kwa hiyo nilimwambia jambo lingine: ukitaka mtu asiione, kuifunga ni bora kuliko kuitupa chooni. Siku ile ya watapishaji, zilizoanikwa juani mbele ya kiwanja kizima ni zile za chooni.

Kuifunga kwenyewe ni hivi. Ikunje kuanzia nyuma kwenda mbele, upande wa damu ubaki ndani, izungushe iwe kama sambusa iliyobanwa. Tumia gundi yake yenyewe kuishikiza. Ifunike kwa ganda la ile mpya unayofungua sasa, kisha karatasi, hata ya daftari la mtoto la mwaka jana. Itie ndani ya pubela, yaani ndoo ya takataka, yenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni. Dakika moja, na hakuna mchawi wala paka atakayejua.

"Huwezi kuiweka kwenye pubela pamoja na takataka za watu"

Hapa niruhusuni nikasirike kidogo. Katika kiwanja chetu pampasi (nepi ya kutupa) ya mtoto inatupwa kwenye pubela mchana kweupe, wakati mwingine imefunguka, na hakuna anayegeuza uso. Pampasi imetengenezwa kwa vitu vile vile: plastiki, nyuzi za mbao, zile chembechembe. Tena ina kinyesi, ambacho ndicho kinachobeba kipindupindu na minyoo. Mbona koteksi, yenye damu kidogo tu, ndiyo iwe haramu? Wengine wanaiita sumu kabisa. Si sumu. Harufu nayo inakuja baadaye, bakteria wakishaishughulikia kwenye joto, na dawa yake ni kumwaga pubela kila baada ya siku mbili tatu, bila kungoja Jumamosi.

Yako mambo mawili ya kweli ndani ya woga huu. Damu ya mtu yeyote, iwe ya hedhi au ya kidole kilichokatwa na kisu, inaweza kubeba ugonjwa kama anao. Virusi vya UKIMWI hudhoofika upesi nje ya mwili, lakini vya homa ya ini ya aina B vinaweza kudumu siku 7 kwenye damu iliyokauka. Kwa hiyo funga vizuri kwa ajili ya kijana anayepita kuchukua takataka kwa mkono, na kwa wale wanaopekua pubela wakitafuta chupa. Na kama imedondoka damu sakafuni, futa kwa maji yenye javeli (dawa ya klorini). La pili ni mbwa. Pubela isiyo na kifuniko ni mwaliko.

"Ifue kwanza, ndipo uitupe"

Hapana. Koteksi ya kutupa haihitaji kufuliwa, na ukiifua unaongeza maji ndani yake, unaishika damu bure, na unatumia bidoni (dumu la maji) nzima siku ambayo bomba limekauka. Kama moyo wako hautulii bila kuifua, basi maji yake yaende chooni, yasiende uani wanapochezea watoto.

"Choma, yaishe"

Koteksi iliyolowa haiungui, inafuka. Plastiki inayeyuka, katikati kunabaki unyevu, na moshi wake mzito unawaingia watu mapafuni. Mitambo ya hospitali inayochoma taka za aina hii hufanya kazi kwa zaidi ya nyuzi 800 za joto. Babula yako, jiko la makaa, ni ya kuivishia maharage, na ukiweka koteksi yenye maji juu ya makala (makaa) unaupoza moto huo huo. Nilimwona jirani akiweka moja kwenye babula alfajiri, akidhani tumelala. Kadutu nyumba zinagusana mabega, moshi uliingia dirishani kwangu kabla hajafunika sufuria.

Ukiwa mahali ambapo kweli hakuna mtu wa kuchukua takataka, shimo la pembeni lenye kifuniko, mbali na maji na mbali na mteremko unaoporomoka, lina afadhali kuliko babula na kuliko choo. Si zuri. Lina afadhali tu. Kufukia juujuu kwenye bustani hakusaidii, mbwa atakuletea mlangoni.

Na wale wanaosema ukiichoma utakuwa tasa: la. Moto wa uani haufiki kwenye kizazi.

"Tupa kwenye mfereji, mvua itabeba"

Itabeba, hilo ni kweli. Bukavu ni mji wa milima, kila kitu kinashuka. Kinachotupwa kwenye mfereji wa Kadutu kinaingia mtoni Kahuwa, Kahuwa inakipeleka ziwani. Ziwa Kivu nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, na mlangoni hapo lipo bwawa la umeme la Ruzizi I, la tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki za mji zimekuwa zikikusanyika kwenye bwawa hilo mpaka kuziba mitambo na kukata umeme. Mara ngapi nimekaa gizani nikilalamika, na pengine sashe yangu mwenyewe ilikuwa kule chini? Zile sashe nyeusi, kwanza, zilipigwa marufuku kwa amri ya serikali ya Desemba 2017, na bado nyanya zangu zinafungiwa humo kila siku.

"Vitambaa ni vya umaskini"

Vitambaa vya kushonwa vya kufuliwa, ukivitunza, vinakupunguzia zaidi ya nusu ya hadithi hii yote. Loweka kwenye maji baridi, maana ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi, kisha fua kwa sabuni. Ubaya wake tunausababisha wenyewe: tunavianika chini ya kitanda kwa aibu, vinabaki na unyevu, tunavivaa hivyo hivyo, tunajikuna. Vinataka jua. Kuanzia Septemba hadi Mei jua la Bukavu ni la bahati, kwa hiyo pasi ya makala inasaidia kumalizia. Nani atajua ni nini, ukianika katikati ya taulo za kuogea?

Kikombe cha hedhi kinachemshwa kati ya mwezi na mwezi na kinaweza kutumika hadi miaka 10. Si kila mwanamke anakipenda. Mimi bado naogopa, nasema ukweli.

Kuvuka tu mpaka, Rwanda, wanatengeneza koteksi kwa nyuzi za migomba. Jambo zuri, ila nyuzi za mgomba kuoza hakumaanishi kwamba zitupwe chooni. Huko nako zitavimba.

Mama bayeri alinunua ndoo ya rangi iliyokwisha, ya lita 20, yenye kifuniko kinachobana, akaiweka nyuma ya mlango wa choo. Wiki ya kwanza haikuguswa. Wiki ya pili binti wa nyumba ya tatu, wa miaka kumi na minne, akatia ya kwanza, imefungwa vizuri kwa karatasi ya hesabu. Sasa inajaa. Kijana wa takataka anataka malipo yake kila mwezi, nyumba nne zinatoa, mbili zinasema kwao hakuna mwanamke anayeona mwezi. Moja kati ya hizo mbili ina mabinti watatu.