Kwa nini asiye na ndoa Singapore husubiri hadi miaka 35 kupata fleti ya umma

Nchini Singapore, wachumba wawili wenye miaka 22 wanaruhusiwa kuomba fleti mpya ya serikali kabla hata ya kufunga ndoa. Watakachodaiwa ni cheti cha ndoa ndani ya miezi 3 tangu kukabidhiwa funguo. Dada wa mmoja wao, mwenye miaka 34, kazi ya kudumu na akiba ya kutosha, akiomba peke yake hana ruhusa hiyo. Hajaolewa, kwa hiyo atangoja hadi atimize miaka 35.

Sheria hii inastahili kueleweka vizuri hata huku kwetu. Kila mjadala wa makazi unapoanza Afrika Mashariki, haichukui muda kabla mtu hajaitaja Singapore. Picha za maghorofa yale husambazwa, bei zake hutajwa, na watu huuliza kwa nini sisi tushindwe. Kinachozungumzwa kidogo ni masharti ya mlangoni, yaani nani anaingia, nani anabaki nje, na kwa sababu gani. Sisi tunaofundisha masuala ya makazi tunaona hapo ndipo penye somo kubwa.

Kwanza tuondoe dhana moja. Tukisema nyumba za serikali, wengi wetu tunafikiria kota za watumishi au nyumba za watu wa kipato duni. Singapore si hivyo. Bodi ya Nyumba na Maendeleo ya nchi hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama HDB, iliundwa Februari 1960 wakati watu wengi walikuwa wamebanana katika nyumba za kizamani za katikati ya mji na vibanda vya pembezoni. Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makao, na ujenzi ukaenda mbio zaidi. Mwaka 1964 ulianza mpango wa kuwauzia wananchi fleti badala ya kuwapangisha tu, na mwaka 1968 wakaruhusiwa kutumia akiba zao za uzeeni kulipia. Leo karibu wakazi 8 katika kila 10 wanaishi katika fleti za HDB, na walio wengi wamezinunua kwa hati ya miaka 99. Mwalimu anaishi humo, na dereva wa teksi, na mhandisi, na karani wa benki. Nyumba za kampuni binafsi zipo, lakini bei yake ni mara kadhaa ya fleti ya HDB. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida, kufungiwa mlango wa HDB ni kubaki kwa wazazi au kupanga chumba.

Sasa sharti lenyewe. Ili kununua, mwombaji anatakiwa awe na kile wanachokiita kiini cha familia: mke na mume, wachumba, wazazi na watoto wao, au mzazi aliyebaki na watoto anaowalea. Mwenye kiini hicho huruhusiwa akiwa na miaka 21. Asiye nacho husubiri hadi 35. Aliyetalikiwa na hana watoto anaowalea anahesabiwa pamoja na wasio na ndoa, na yeye pia husubiri 35. Lakini mjane au mgane anaruhusiwa akiwa na miaka 21, na yatima aliyefiwa na wazazi wote pia 21. Mzazi ambaye hakuwahi kufunga ndoa hufikiriwa kwa kuangalia hali yake, mmoja mmoja. Wasio na ndoa waliotimiza miaka 35 wanaweza pia kuungana, wawili hadi wanne, wakanunua fleti moja kwa pamoja. Nyongeza kwa ndugu zetu walioko ughaibuni: mlango huu wa watu wasio na ndoa ni wa raia tu, mkazi wa kudumu asiye raia haumhusu.

Ukiyatazama masharti hayo pamoja, unaona kwamba miaka 35 haipimi utu uzima. Kama ingepima busara ya kushika deni, mjane wa miaka 22 asingepita. Kama ingepima uwezo wa kulipa, kungekuwa na kigezo cha mshahara, nacho kipo tayari mahali pengine. Miaka 35 ni makadirio ya serikali ya umri ambao mtu, kama angeoa au kuolewa, angekuwa ameshafanya hivyo. Huko ndoa ya kwanza kwa kawaida hufungwa mtu akiwa karibu na miaka 30, na 35 iko miaka michache juu yake.

Mlango wenyewe haukufunguliwa siku moja. Mwaka 1991 wasio na ndoa wenye miaka 35 na zaidi waliruhusiwa kununua fleti kutoka kwa wenye nyumba wanaouza, ndogo tu, na nje ya katikati ya mji. Mwaka 2004 wakaruhusiwa ukubwa wowote katika soko hilo. Fleti mpya za bei ya ruzuku waliendelea kuzitazama kwa mbali hadi Julai 2013, walipokubaliwa kuomba zile ambazo sisi tungeziita chumba na sebule, tena katika vitongoji vipya pekee. Waombaji walijitokeza kwa makumi kwa kila fleti moja, jambo lililoonyesha kiu iliyokuwepo. Oktoba 2024 kizuizi cha eneo kiliondolewa, na sasa wanaweza kuomba chumba na sebule kipya popote kinapojengwa. Umri haukuguswa katika hatua zote hizo.

Hebu tufuate hesabu ya mfanyakazi mmoja wa kufikirika, kwa sababu athari za sharti hili huonekana vizuri kwenye hesabu. Ana miaka 25 na analipwa dola 4,000 za Singapore kwa mwezi. Kila mwezi, asilimia 20 ya mshahara wake na asilimia 17 kutoka kwa mwajiri huingia katika mfuko wa akiba wa taifa, CPF. Kwa mwenye umri hadi miaka 35, asilimia 23 ya mshahara huwekwa katika akaunti ile inayoruhusiwa kulipia nyumba. Hiyo ni dola 920 kila mwezi. Hata mshahara usipoongezeka, kwa miaka 10 atakuwa ameweka dola 110,400 kabla ya kuhesabu riba ya asilimia 2.5. Fedha ipo, imeandikwa kwa jina lake, na matumizi yake makubwa kwa mtu wa rika lake ni nyumba. Mwenzake wa ofisini mwenye mshahara uleule, aliyeoa akiwa na miaka 26, ameshaanza kuitumia.

Anatimiza miaka 35 na anaomba fleti mpya. Akipata bahati kwenye kura, ujenzi huchukua miaka 3 au 4, kwa hiyo funguo anazishika akiwa na miaka 38 au 39. Anatakiwa kuishi humo miaka 5 kabla ya kuruhusiwa kuuza, na ikiwa fleti iko katika maeneo yanayotamaniwa zaidi, miaka 10. Ndiyo kusema uhuru wa kuhama ataupata akiwa katikati ya miaka ya 40, au akikaribia 50. Mkopo wa HDB hulipwa kwa muda usiozidi miaka 25. Akiuanza akiwa na 39, atamaliza na 64. Asiyetaka kungoja ujenzi hununua kwa mwenye nyumba anayeuza na kuhamia baada ya miezi michache, ila hapo analipa bei ya soko. Ruzuku ipo, dola hadi 40,000 kwa mnunuzi wa mara ya kwanza asiye na ndoa, pamoja na nyongeza kwa wenye kipato kidogo. Nyongeza hiyo ilipandishwa Agosti 2024 hadi dola 60,000 kwa mtu mmoja na 120,000 kwa familia.

Kuna jambo jingine, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Kununua fleti mpya kuna kikomo cha kipato: dola 7,000 kwa mwezi kwa asiye na ndoa, 14,000 kwa familia. Ukikiangalia peke yake ni kikomo cha haki, kwani ruzuku ya umma iende kwa anayeihitaji. Lakini kiweke pamoja na kikomo cha umri uone kinachotokea. Muuguzi au fundi wa kompyuta mwenye miaka 28 analipwa, tuseme, dola 4,800. Kwa kipato anastahili, kwa umri hastahili. Anangoja, anafanya kazi kwa bidii, anapandishwa cheo mara mbili, na anapofika 35 mshahara wake ni dola 7,300. Sasa umri unamruhusu na kipato kinamkataa. Anaambiwa aende soko la wauzaji, ambako pia ruzuku ile ya dola 40,000 haipati, kwa kuwa nayo ina kikomo cha dola 7,000. Mtu huyu hakuwahi kuwa tajiri hata siku moja katika miaka hiyo yote. Alifungiwa kwanza na kalenda, kisha na bidii yake mwenyewe.

Serikali ina hoja zake, na si vyema kuzipuuza. Nchi nzima ina eneo la kilomita za mraba kama 735, haifiki nusu ya kisiwa cha Unguja, na watu karibu milioni 6. Kila kiwanja kina wanaokigombea, na familia changa zenye watoto hupewa kipaumbele. Halafu kuna hofu ya uzazi. Kiwango chake kilishuka hadi mtoto 0.97 kwa kila mwanamke mwaka 2023, miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Viongozi wanahofia kwamba kijana akipata nyumba yake mapema bila ndoa, sababu mojawapo ya kuoa itaondoka.

Hoja ya kwanza ni ya kweli. Ya pili siikubali. Sharti hili limekuwepo tangu 1991, na katika miaka yote hiyo uzazi umeendelea kushuka. Mtu haoi kwa sababu amenyimwa fleti, au akioa kwa sababu hiyo, ndoa imeanza kwa mguu mbaya, na akija kutalikiwa bila mtoto, sharti lilelile la 35 linamngoja tena. Wanaoumia zaidi ni wale ambao nyumbani kwa wazazi hakukaliki, pengine kwa sababu ya kubanana, ugomvi au ulevi, na wale ambao wao ndio nguzo ya wazazi. Kuhusu hao wa mwisho, hatua nzuri ilichukuliwa mwaka 2025: asiye na ndoa anayeomba fleti ya kuishi na wazazi wake au karibu nao sasa hupewa kipaumbele, ambacho zamani kilikuwa cha watoto waliooa tu. Anayeomba peke yake ili awe karibu nao bado lazima awe na 35. Kiharusi hakimngojei mtoto afikishe umri.

Mjadala wa umri wenyewe umeanza kusogea. Chama cha Wafanyakazi, ambacho ni cha upinzani, kimependekeza ushuke hadi miaka 28. Mwaka 2025 Waziri wa Maendeleo ya Taifa, Chee Hong Tat, alisema serikali itauangalia upya umri huo pamoja na vikomo vya kipato. Ni vyema kwamba vyote viwili viliwekwa mezani kwa pamoja, maana kama tulivyoona, kimoja hukaza fundo la kingine.

Kenya imeanza kwa njia tofauti. Boma Yangu, mfumo wa serikali wa kuomba nyumba za bei nafuu, humsajili mtu mzima kwa kitambulisho chake, awe ameoa au la, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mwajiriwa, naye mwajiri akiongeza kiasi hichohicho. Naona ni sahihi kwamba anayekatwa mshahara bila kuulizwa ndoa asiulizwe ndoa anapoomba nyumba. Ila fleti zikiwa chache kuliko waombaji, swali la nani atangulie litabisha hodi Nairobi kama lilivyobisha Singapore, na ni bora lijibiwe hadharani kabla funguo hazijaanza kugawiwa kwa wingi.

Kwa Singapore, kuteremsha umri kutoka 35 hadi 28 kwa siku moja kungeleta tatizo halisi. Marika saba ya wasio na ndoa yangepanga foleni kwa wakati mmoja, ya vyumba na sebule ambavyo havijajengwa, na wengine wangekimbilia soko la wauzaji na kupandisha bei za fleti ndogo ambazo wazee na familia changa pia wanazihitaji. Ningeteremsha mwaka mmoja kila mwaka, nikianza na wanaotunza wazazi na wenye kipato cha chini, na kikomo cha dola 7,000 kikipanda sambamba. Kwa mwendo huo kila mwaka rika moja tu huongezeka juu ya lile ambalo lingefika kwa kawaida. HDB inaweza kuwahesabu mapema na kuanza kujenga, kwa kuwa watakaotimiza miaka 30 mwaka 2030 wako kazini tayari na michango yao imo kwenye vitabu vya CPF.