Saketi ya kwenye skrini si gemu

"Mwalimu, haya si magemu tu? Fizikia bila kushika waya ni fizikia gani?" Nimelisikia swali hili mara nyingi hapa Mwanza, tena kwa wanafunzi wa chuo, ninapowafundisha umeme kwa saketi (njia ya mkondo wa umeme) za kuigiza kwenye kompyuta.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha ulinganisho: kundi moja la wanafunzi lilisoma umeme kwa balbu na waya halisi, jingine kwa saketi za kompyuta za PhET, mradi wa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta ulioanzishwa na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 2001. Baadaye wote wakapewa vifaa halisi. Waliotoka kwenye kompyuta ndio walioziunganisha na kuzieleza saketi vizuri zaidi.

Kwa nini? Chukua taa ya mvuvi wa dagaa pale ziwani: betri, waya, balbu. Wengi huamini balbu "inakula" mkondo kama jiko linavyokula mkaa, kwa hiyo unaorudi kwenye betri ni mdogo. Waya halisi haukuonyeshi kitu. Kwenye skrini unaziona elektroni, chembe zinazobeba mkondo, zikiingia kwenye balbu na kutoka kwa mwendo uleule. Ongeza volti, zote zinaharakisha pamoja. Kinachotumika ni nishati, elektroni hazipungui.

Ila mwanafunzi akiachiwa abofye ovyo, hapo ni gemu kweli. Mimi huwataka watabiri kwanza, tena kwa maandishi, ndipo waguse kipanya. Klipu yenye kutu na amita (kipimo cha mkondo) inayoyumba watakutana nazo maabara.