Babu aliandikwa "nahodha": je, jahazi lilikuwa lake?

Ukoo ukipata karatasi ya zamani yenye neno nahodha, Lamu nzima itaambiwa babu alikuwa na jahazi. Si lazima. Nahodha ni mkuu wa chombo safarini. Mwenye chombo mara nyingi alikuwa tajiri aliyebaki mjini. Wapo waliokuwa vyote viwili, lakini hilo lithibitishwe kwa hati ya mauzo au ya mirathi. Malipo nayo yalikuwa kwa mafungu: gharama zikitolewa, pato la nauli hugawiwa mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Serahangi alikuwa msimamizi wa mabaharia, basi. Na ukikuta malimu kwenye karatasi za safari, usikimbilie chuo cha Kurani: huyo alijua nyota na njia za baharini, kazi ya yule rubani aliyechukuliwa na Vasco da Gama hapa Malindi mwaka 1498.

Nchi kavu kuna liwali, yaani gavana wa mji au wilaya ya pwani, na hapo ndipo watu hujipachika usultani. Liwali alikuwa mtu wa kuteuliwa, kwanza na Sultani wa Zanzibar. Baada ya 1895 Waingereza wakawa na kauli. Cheo hakithibitishi damu. Mudiri, ofisa wa utawala wa eneo dogo, alikuwa chini yake.

Zile herufi s/o na d/o katika daftari za kikoloni si kazi wala cheo (nimeshasikia zikiitwa "ofisa"!). Ni Kiingereza, "son of" na "daughter of", yaani bin na binti tu, na jina linalofuata ni la baba: umepata kizazi kingine bure.