Nguvu 85, ubora sifuri

Nikiitwa kurekebisha dishi, siendi moja kwa moja darini. Naomba rimoti, naingia kwenye menyu ya king'amuzi na kusoma mistari miwili: nguvu na ubora. Mara nyingi nguvu imejaa na ubora hakuna kitu, na mwenye nyumba anashangaa: "Fundi, mbona mawimbi yapo?" Hayapo. Mstari wa nguvu hupanda hata dishi likitazama mwembe, kwa sababu LNB, kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ikishapata umeme hutoa kelele zake yenyewe na king'amuzi hakibagui. Wa kuaminiwa ni ule wa ubora.

Kulielekeza dishi si kazi ngumu tena. Azam TV inarusha kupitia setelaiti za Eutelsat zilizoko nyuzi 7 Mashariki, kilomita 35,786 juu ya ikweta, katika Ghuba ya Guinea, jirani kabisa na kisiwa cha São Tomé. Huko ndiko ilikopelekwa Eutelsat 7C, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, Juni 20, 2019, ikapanda polepole kwa injini za umeme na kuanza kazi Januari 2020. Inazunguka kwa kasi ileile ya dunia kujizungusha, ndiyo maana tunafunga dishi mara moja na kulisahau. Ukiwa Dar es Salaam iko magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo tu, kimo chake nyuzi 52 hivi juu ya upeo wa macho. Kigoma ni 63. Dira ya simu inatosha. Ila usidanganywe na sura ya dishi: haya madishi yetu madogo LNB yake hukaa upande wa chini, si katikati, kwa hiyo yanaona juu zaidi ya pale uso wao unapoelekea, kwa nyuzi 20 na ushee.

Kinachowashinda vijana wengi ni kugeuza LNB.

Setelaiti hurusha mawimbi ya aina mbili ndani ya masafa yaleyale, moja likitikisika kwa ulalo na jingine kwa wima, ili chaneli ziingie mara mbili zaidi. Ulalo hapo ni sambamba na ikweta. Mtu wa Ulaya analitazamisha dishi lake kusini, ikweta imelala mbele yake, LNB anaigusa kidogo tu. Sisi tunaishi karibu na ikweta yenyewe. Foleni nzima ya setelaiti hizi inapita juu ya vichwa vyetu, na ukigeukia magharibi unaiona ikishuka karibu wima hadi ardhini. Kwa hiyo wimbi ambalo kwa setelaiti ni la ulalo, Dar linafika likiwa karibu limesimama. Tofauti inazidi nyuzi 75. Kampala inakaribia 90 kamili.

Sasa mtu akiifunga LNB wima bila kuigeuza, king'amuzi kinaomba wimbi la ulalo kinaletewa la wima, na hakipati chaneli hata moja. Akiigeuza nusu, yote mawili yanaingia yakigombana. Ninachofanya mimi ni kulegeza skrubu ya kishikio, kugeuza kidogo, kusubiri sekunde chache maana king'amuzi huchelewa kusoma, kisha kugeuza tena. Ubora ukifika juu usiridhike. Endelea mpaka uanze kushuka, halafu rudi. Hicho kiasi cha ziada ndicho kitakachokubeba masika, kwa sababu mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu tu na mvua kubwa huyanyonya.

DStv ya ukanda huu ni habari nyingine. Inatoka nyuzi 36 Mashariki, na ukishusha mstari kutoka huko unaangukia Mogotio, Baringo. Dar es Salaam dishi lake linatazama nyuzi 81, karibu utosini. Mwaka 1976 Kenya, Uganda, Zaire na nchi nyingine za ikweta zilisaini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba njia hiyo ya setelaiti iliyo juu ya ardhi zao ni mali yao. Dai halikukubaliwa, na nafasi zinaendelea kuratibiwa kupitia ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Mimi bado naona walikuwa na hoja.

Kuna tatizo moja ambalo halina dawa. Siku chache baada ya Machi 20, na tena siku chache kabla ya Septemba 23, jua hupita nyuma ya setelaiti na kumwaga kelele zake ndani ya LNB. Kwa Dar, Azam hukatika karibu na saa tisa alasiri, DStv karibu na saa saba mchana. Inakuwa hivyo siku kadhaa mfululizo, anga likiwa jeupe bila wingu, kisha chaneli zinarudi zenyewe. Mkinipigia wakati huo nitawaambia msubiri dakika kumi, na msiruhusu mtu yeyote aguse dishi.