Usonji Unaosema Sana

Mwaka 2022, wiki chache baada ya tamthilia ya Kikorea iitwayo Extraordinary Attorney Woo kuanza kuonyeshwa kwenye Netflix, mama mmoja aliyekuwa akimleta kwangu mwanawe wa miaka minne kila Jumanne aliingia chumbani akiwa na uso mkunjufu ambao sikuwahi kumwona nao. Kabla hajaketi alinishika mkono akasema, "Dada, nimemwona. Yule binti alikaa miaka mitano hasemi, siku moja akafungua kinywa akatoa sheria nzima. Na wangu bado ana mwaka mmoja." Mwanawe alikuwa sakafuni, amepindua gari la plastiki, anazungusha gurudumu moja kwa kidole na kulisikiliza kwa makini. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, nafanya kazi Dar es Salaam na watoto ambao wengi wao wana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wenzake, na kazi hii imenifundisha kutomvunja mzazi moyo kwa haraka. Hata hivyo, siku ile nilikosa cha kumjibu, kwa sababu tumaini lile lilikuwa limetungwa na mwandishi wa tamthilia. (Nimebadilisha baadhi ya mambo ili familia hii isitambulike.)

Tukio alilolizungumzia limo katika sehemu ya kwanza. Woo Young-woo ana miaka mitano na hajawahi kutamka neno. Mwenye nyumba anamvamia baba yake, na katika purukushani hiyo mtoto anaanza kutamka vifungu vya sheria ya jinai vinavyohusu kujeruhi, neno kwa neno, kama vilivyo kitabuni. Nikilitazama kwa jicho la kazi yangu, naona ndani yake chembe ya ukweli. Wapo watoto wenye usonji wanaoanza kusoma mapema mno, na wapo wengi ambao usemi wao wa kwanza ni wa mwangwi, yaani hurudia walichokisikia, tangazo la sabuni au wimbo wa katuni, kabla hawajaweza kutunga sentensi ya kwao. Wapo pia wanaoanza kusema baada ya kutimiza miaka minne au mitano, wala si wachache. Lakini usemi huo haushuki kama mvua ya masika. Huja kwa neno moja linaloshika wiki hii na kupotea wiki ijayo, kwa mtoto kukuvuta mkono hadi kwenye friji, kwa kunyoosha kidole baada ya miezi sita ya kufundishwa kunyoosha kidole. Na kwa baadhi ya watoto hawa, pamoja na jitihada zote, usemi wa kinywa hauji kabisa, nao hujifunza kuwasiliana kwa picha, kwa ishara au kwa kishikwambi.

Watoto hao wa mwisho ndio ninaowakosa ninapowasha runinga. Usonji unaoonyeshwa humo, karibu wote, ni usonji unaosema, tena unaosema sana, na nadhani sababu yake iko katika ufundi wenyewe wa kutunga tamthilia. Tamthilia huishi kwa majibizano. Mhusika asiyesema humlazimu mwandishi kuandika kwa mikono, kwa macho na kwa pumzi, na humlazimu mtazamaji kusubiri, wakati runinga inaogopa kimya kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo mwandishi humchagua mhusika mwenye msamiati mpana, asiyeelewa mzaha, anayetamka maneno kwa mpangilio wa pekee, kisha humfidia ugeni wake kwa kipaji kikubwa ili mtazamaji asijiulize kwa nini ampende. Mkondo huo ulichimbwa na filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, iliyopata tuzo 4 za Oscar, ambamo mhusika mwenye usonji anahesabu vijiti vya meno 246 vilivyomwagika sakafuni kwa kuvitupia jicho tu. Kim Peek, Mmarekani aliyempa mwandishi wazo la mhusika huyo, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na baadaye wataalamu walieleza kwamba hali yake haikuwa usonji. Vipaji vya namna hiyo wanavyo wachache miongoni mwa watu wenye usonji, lakini haupiti mwaka bila baba au mjomba wa mtoto kuniuliza, "Sasa huyu kipaji chake ni kipi?"

The Good Doctor iliufikisha mkondo huo kwenye sebule nyingi zaidi. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi Septemba 2017, ikitokana na tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2013, na ikaendelea kwa misimu 7 hadi Mei 2024. Ndani yake Freddie Highmore, ambaye mwenyewe hana usonji, anamwigiza Shaun Murphy, daktari kijana wa upasuaji mwenye usonji na kumbukumbu isiyo ya kawaida. Anapofikiri, michoro ya viungo vya mwili huelea hewani mbele yake. Siwezi kuidharau kazi hiyo, kwa kuwa familia kadhaa zimeniambia kwamba babu au shangazi aliyekuwa akimwita mtoto mtukutu alibadili sauti yake baada ya kuitazama. Pamoja na hayo, ni tamthilia hiyohiyo iliyozaa kicheko ambacho hadi leo kinaniuma.

Mwaka 2023 kipande kifupi cha msimu wa pili kilisambaa mitandaoni. Shaun ameondolewa kwenye upasuaji na mkuu wake, anasimama mbele yake na kurudia kwa sauti inayozidi kupanda, "Mimi ni daktari wa upasuaji!", tena na tena. Mamilioni ya watu walicheka, wakaigiza, wakatengenezea muziki. Mpwa wangu alinitumia kipande hicho kwa WhatsApp kikiwa na vikatuni vinne vya kucheka machozi, na nilipomuuliza kama ameitazama tamthilia, akajibu kwamba hajui hata jina lake.

Naomba nieleze kinachotokea pale, kwa kuwa nakiona kazini karibu kila wiki. Mtu mwenye usonji anapolemewa, kwa kelele, kwa mabadiliko ya ghafla au kwa kuona kwamba haeleweki, lugha ni miongoni mwa vitu vya kwanza kumponyoka. Sentensi ndefu hukimbia, likabaki neno moja au kifungu kimoja ambacho anakishikilia kama mtu anayezama anavyoshikilia ubao, na sauti hupanda kwa sababu hana tena namna nyingine ya kuongeza uzito wa anachokisema. Kurudia kule ni kuomba msaada. Lawama yangu kubwa naielekeza kwa watunzi zaidi kuliko kwa kijana aliyecheka, kwa sababu waliufanya wakati mgumu kuliko yote katika maisha ya mtu kuwa kilele cha tamthilia bila kumwachia mtazamaji funguo ya kuuelewa, na kipande kilipokatwa kikatoka nje peke yake, hakikuwa na cha kukilinda.

Watu wazima wenye usonji walikuwa wameshayalalamikia haya kwa miaka, kwamba wanaigizwa na wasio wao na kwamba mhusika ni yuleyule anayebadilishwa jina. Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 2020 Kayla Cromer, mwigizaji mwenye usonji, alishika nafasi kuu katika tamthilia ya Marekani iitwayo Everything's Gonna Be Okay, akamwigiza msichana mwenye usonji, na katika msimu wa mwisho wa The Good Doctor ndiye aliyeletwa kuigiza mwanafunzi wa udaktari mwenye usonji anayemtazama Shaun kama kielelezo chake.

Narudi kwa mama wa Jumanne, kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa amefika sehemu ya tatu, na safari hii hakunishika mkono. Katika sehemu hiyo Woo, ambaye sasa ni wakili, anapewa kesi ya kijana wa miaka 21 mwenye usonji mzito anayetuhumiwa kumuua kaka yake, mwanafunzi wa udaktari. Kijana huyo anasema kwa uchache sana, na maneno machache anayoyarudia kuhusu kufa yanaweza kusikika kama tishio. Ukweli unaofichuka baadaye ni kwamba kaka alikuwa akijaribu kujiua na mdogo alikuwa akipambana kumzuia. Nimeitazama sehemu hii mara kadhaa kwa ajili ya jambo hilo tu: usemi uliovunjika ukasomwa vibaya na polisi, na mwendesha mashtaka, na hata na wazazi wenyewe. Wakili anapotaka kuzungumza naye, maswali yake hayafiki, na mlango unafunguka pale anapoanza kumwimbia kijana wimbo wa mhusika anayempenda. Kuanzia pale mtoto alipo ndiyo hatua ya kwanza ya tiba yetu, na sijaona tamthilia nyingine iliyoionyesha waziwazi hivyo.

Katika sehemu hiyohiyo mama wa mshtakiwa anakiri kwamba kumwona wakili huyo kunamtia uchungu, kwa kuwa yeye na mwanawe wanaitwa kwa jina moja la ugonjwa huku maisha yao yakiwa mbalimbali kama mbingu na ardhi. Kisha Woo mwenyewe anazungumza juu ya Hans Asperger, daktari wa Vienna wa zama za Wanazi, mmoja wa walioanza kuieleza hali ya usonji, na juu ya wakati ambapo watoto walipangwa katika wanaostahili kuishi na wasiostahili. Na anataja jinsi watu wa leo wanavyoungana mtandaoni na maoni yanayosema ni hasara kwa taifa kwamba aliyekufa ni mwanafunzi wa udaktari na aliyebaki ni huyu. Mama yule aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, wangu ni yule mwingine." Nilimwambia kwamba mtoto wa miaka minne bado hajulikani atakuwa yupi, na hilo ni kweli, lakini sote wawili tulijua kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu.

Mapokezi ya tamthilia hiyo huko Korea Kusini yalikuwa na sura mbili hizohizo. Ilianza tarehe 29 Juni 2022 kwenye kituo kidogo, ikitazamwa na asilimia 0.9, na ilipofika mwisho mwezi Agosti ilikuwa imefika asilimia 17.5. Park Eun-bin, aliyeigiza Woo, alisifiwa kwa haki. Lakini wakati huohuo watu waliojirekodi wakiiga mwendo na sauti yake kwa ajili ya kuchekesha walikemewa vikali, wazazi walieleza maumivu yao hadharani, na wapo waliouliza kwa nini nchi inayompenda wakili wa kwenye skrini inawatukana watu wenye ulemavu waliokuwa wakiandamana kwenye treni za Seoul kudai njia za kupita.

Mtu asinielewe vibaya kwamba runinga imeshindwa kila mahali. Mwezi Aprili 2017 Sesame Street, kipindi cha watoto cha Marekani, kilimleta Julia, mwanasesere wa miaka minne mwenye usonji, nywele za rangi ya machungwa na sungura wa kitambaa mkononi. Big Bird, mwanasesere wa ndege mkubwa, anamsalimia, Julia hajibu, na ndege huyo anadhani hapendwi. Kimya kile kinaachwa kidumu, na ndipo wenzake wanamweleza kwamba Julia huhitaji muda. Stacey Gordon, anayemchezesha, ni mama wa mtoto mwenye usonji, na mwanasesere alitengenezewa mikono ya ziada kwa ajili ya kupepea tu anapofurahi. Mtu aliyekaa akafikiria kushona jozi ya pili ya mikono kwa ajili ya furaha ya mtoto anaielewa hali hii. Hata huko palizuka ugomvi: mwaka 2019 shirika la Marekani la watu wenye usonji wanaojitetea wenyewe lilivunja ushirikiano na watengenezaji, kwa sababu Julia alitumika kuwaelekeza wazazi kwenye nyaraka ambazo shirika hilo liliona zinawafundisha kumtazama mtoto kama msiba.

Kwetu, mtazamaji huja mbele ya runinga akiwa na mengine kichwani. Ameshaambiwa na jirani kwamba mtoto amelogwa, na pia na bibi kwamba asihangaike kwani hata baba yake alichelewa kusema. Katika vichekesho nilivyokua nikivitazama, mtu anayesema kwa namna isiyo ya kawaida alivalishwa suruali iliyopanda hadi kifuani, akaitwa zezeta, na watu wakavunjika mbavu. Kwa mtazamaji aliyelelewa hivyo, hata mhusika aliyeandikwa kwa heshima huweza kupokewa kwa kicheko kilekile cha zamani, na ndiyo maana siku hizi nawaomba wazazi watazame pamoja na familia nzima, wakae karibu na anayecheka, wamweleze palepale.

Mama yule nilimtafutia filamu fupi ya katuni ya Pixar iitwayo Loop, iliyotoka Januari 2020, isiyozidi dakika 10. Mhusika wake ni Renee, msichana asiyesema, na sauti zake zilitolewa na msichana ambaye naye ana usonji na hasemi. Renee yuko kwenye mtumbwi na Marcus, mvulana anayesema bila kupumua. Mambo yanaharibika, Renee analemewa, na Marcus, baada ya kujaribu kila neno alilonalo, ananyamaza na kumsubiri, kisha anamletea tete, mmea aliokuwa amemwona akiufurahia.

Tuliitazama kwenye kompyuta yangu, mama akiwa kwenye kiti na mtoto akiwa chini na gari lake. Miezi ile alikuwa ameshajifunza kadi tatu za picha zilizobandikwa ukutani: maji, chapati na tena. Yalipofika matete, mkono ukigusa mimea na kutoa ule mchakacho, gurudumu lilisimama. Filamu ilipoisha aliinuka, akaenda ukutani, akabandua kadi moja na kuja kumwekea mama yake mapajani, si mimi. Ilikuwa ile ya tena. Tuliirudia mara nne, na mgonjwa wangu aliyefuata alisubiri nje kwenye benchi.