Chapa Ikinunuliwa, Gita Haliharibiki Siku Hiyo Hiyo

Wapiga gita wengi huamini kwamba kampuni kubwa ikishanunua chapa yenye jina, ubora umekwisha. Mfano wao ni Fender: Leo Fender aliuza kampuni yake kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, mwaka 1965, kwa dola milioni 13, na hadi leo magita ya "kabla ya CBS" yanauzwa kwa bei ya kutisha.

Lakini gita la mwaka 1966 si takataka. Mabadiliko yalikuja polepole, kwa kuharakisha uzalishaji na kubana gharama. Tazama Stratocaster, gita la umeme la Fender: mwaka 1971, shingo iliyoshikwa kwa skrubu nne ikabaki na tatu. Kusema kweli tatu zinatosha, mradi tundu la mwilini mwa gita linaloshika shingo limechongwa sawasawa. Likipwaya hata kidogo, shingo husogea pembeni na uzi mwembamba huanza kuponyoka ukingoni mwa ubao wa shingo. Hilo ni kosa la kiwanda kinachokimbizwa, si la hati ya mauzo.

Bill Schultz, aliyekuwa mkuu wa Fender chini ya CBS, na wenzake wakainunua kampuni hiyo mwaka 1985, ikainuka tena.

Yamaha nayo ilichukua Bösendorfer, watengenezaji wa piano wa Austria, mwaka 2008, na piano hizo bado zinaundwa huko huko.

Tena mnunuzi mwenyewe anaweza kuumia. Gibson, iliyojijengea jina kwa magita, ilikopa fedha nyingi ili inunue biashara ya vifaa vya sauti vya Philips. Mwaka 2018 ikaomba kinga ya mufilisi, huku magita yake yakiendelea kuuzika.